Flashi Moja kwa Mashini Nyingi



Wengi wanatuuliza kama kuweka Debian ndani ya ordinatere bila kulipa si wizi. Kunakili programu ambayo mwenyewe amekataza, huo ni wizi kweli, hata kama mji mzima unafanya hivyo. Lakini Linux, ambayo mwanafunzi Linus Torvalds aliianza kule Helsinki, Finlandi, mwaka 1991, leseni yake inaruhusu kuisoma, kuigeuza na kuigawa. Debian, ambayo Ian Murdock aliianzisha mwaka 1993, inatumia hiyo Linux. Basi kumpa mwenzako flashi yake si kosa.

Sasa tuingie kazini. Debian inakuja kama faili moja inayoishia na .iso. Iko ndogo, isiyofika 1 GB, lakini hiyo inaomba intaneti kwa kuleta mengine yote. Sisi tusio na intaneti ya kutosha tunachukua ile ya DVD ya kwanza, karibu 4 GB; flashi ya 8 GB inaibeba vizuri. Mashini za zamani za biti 32 zinaomba Debian 12, kwa kuwa Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi chao.

Faili ikifika kutoka mjini, msiitumie bado! Debian wanaandika pembeni yake mstari wa herufi na tarakimu 64. Andikeni amri sha256sum na jina la faili, mashini itafanya hesabu na kutoa mstari wake. Linganisheni yote miwili, kama vile mtunza hazina anavyohesabu noti mbele ya mashahidi. Ikitofautiana hata kidogo, faili iliharibika njiani. Na ubaya wake ni huu: faili mbovu inaweza kuwaka vizuri, halafu ikakwama katikati, wakati diski ya zamani imekwisha kufutwa. Hapo mtu hana tena ya zamani wala mpya.

Tena, haitoshi kuitupa faili ndani ya flashi kama wimbo. Lazima iandikwe juu ya flashi nzima, tangu mwanzo wake, maana ndipo mashini inapotafuta pa kuanzia. Kwa Windows kuko programu Rufus. Kwa Linux, andikeni lsblk kabla ya kuchomeka flashi, kisha tena baada ya kuichomeka: jina lililoongezeka ndilo flashi. Kama ni sdb, msimamizi anaandika cp, jina la faili, na /dev/sdb, halafu sync. Vyote vilivyokuwa ndani ya flashi vinapotea. Na mwenye kuandika sda pahali pa sdb anaweza kufuta diski ya ofisi pamoja na pointi za darasa zima. Ile amri haiulizi mara mbili. Kwa hiyo tunafanya wawili wawili, mmoja anaandika, mwingine anasoma kwa sauti. Tunatumia mashini yenye betri, kwani umeme wetu mnaujua.

Wakati wa kuwasha, bonyezeni F12, F9 ao Esc, kufuatana na mtengenezaji, mchague flashi. Kisakinishi kitauliza juu ya diski. Hapo simameni, mwulizeni mwenye mashini kama amekwisha kuweka kazi zake pahali pengine, na mngoje jibu lake.