Jembe jeusi lenye madoa: kosa liko wapi?

Ndugu wanamemba wa koperative, wahunzi wetu wa Masisi na Walikale wanafua majembe kutoka resori za magari mazee, kisha wanayapaka mawese chuma kikiwa moto ili yawe meusi. Weusi huo si urembo. Ni ngozi nyembamba inayochelewesha kutu, na huku kwetu mvua ni nyingi. Ngozi ikiwa na madoa, kutu inaanzia palepale. Tuangalie makosa tunayokuta mara nyingi.

Madoa ya kijivu. Mafuta hayakushika kwa sababu ya kutu, maganda ya moto ao jasho la vidole. Sugueni kwa burashi ya chuma, osheni kwa maji moto na majivu, kausheni kabisa. Kisha msishike tena kwa mkono mtupu.

Huku nyeusi, huku kahawia. Moto haukulingana. Tandazeni makala, geuzeni jembe kila mara. Shingo ni nene, inachelewa kupata moto: anzieni hapo.

Inanata. Mafuta yalizidi, ao chuma kilikuwa baridi. Mawese hayakauki yenyewe kwa hewa; lazima yaungue juu ya chuma. Pakeni kidogo kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa kwenye kijiti. Moshi ukitoka, moto unatosha. Pangusa, kisha rudia mara 2 ao 3. Mwenye mafuta ya soya atumie hayo, yanakauka vizuri zaidi.

Unga mweusi mkononi. Hayo ni masizi: moto ulizidi, mafuta yakawaka. Sugueni, muanze upya. Mafuta yakiwaka ndani ya chombo, funikeni kwa bati. Msimwage maji hata kidogo.

Zaidi ya yote, tulinde makali. Chuma kigumu kikipata moto tena, kinageuka rangi ya majani makavu karibu na digrii 220, kisha buluu karibu na 300. Buluu ikifika kwenye makali, ugumu umepungua: jembe ni jeusi vizuri, lakini makali si magumu tena kama mwanzo. Kwa hiyo makali yabaki nje ya makala. Yenyewe yanapakwa mafuta baridi kila jioni baada ya kazi.

Koperative ikipokea majembe, kwanza ipanguse kila moja kwa kitambaa cheupe, kisha itazame makali. Kitambaa kikichafuka, ao makali yakiwa buluu, jembe lirudi kwa muhunzi kabla ya kulipwa.