Samaki wa Ijumaa na Bahari Inayofunga



Ijumaa iliyopita jioni nilipita soko la Majengo hapa Dodoma kutafuta kitoweo. Ijumaa ya Kwaresima nyama hatuli, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja kwa mama mmoja anayeuza perege wa Mtera na dagaa wakavu. Baada ya shikamoo nikamuuliza, mbona bei imepanda hivi? Akacheka. "Mwanangu, ninyi Wakatoliki mkianza kufunga, sisi ndiyo tunavuna."

Nikalipa nikaondoka, lakini maneno yale yalinifuata mpaka nyumbani. Mimi najinyima nyama na kujiona nimetoa sadaka, kumbe nimehamisha tu mzigo kutoka zizini kwenda majini. Samaki naye anapumzika lini? Swali hilo nikalipeleka kwenye kipindi chetu cha vijana Jumamosi. Leo nakuandikia niliyofundisha, na pia swali moja nililoulizwa likaniacha kimya mbele ya watu.

Chukua Biblia yako, fungua Mwanzo 1:22. Wengi tunaujua baraka aliyopewa mwanadamu, ya kuzaa na kuongezeka. Lakini hebu soma polepole uone nani alibarikiwa kwanza. Ni viumbe wa majini na ndege, siku ya tano, kabla Adamu hajaumbwa. Yaani baraka ya kwanza kabisa katika Maandiko Matakatifu wamepewa samaki! Sisi tumekuja aya ya 28. Kwa hiyo tukivua mpaka samaki hana nafasi ya kuzaa, tunaigusa baraka ambayo Mungu aliitoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Kisha nenda Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ukikuta kiota njiani, ndege mama amelalia, sheria inakuruhusu kuchukua makinda lakini mama yao umwache aende. Ni sheria ndogo sana, unaweza kuiruka bila kuiona. Mungu hakatazi kula. Anakataza kumaliza.

Sasa, hapa kwetu bahari iko mbali, na nilijua vijana wataniuliza inatuhusu nini. Nikaanzia Kondoa. Miaka ya sabini vilima vya Kondoa Irangi vilikuwa vimechakaa kwa makorongo. Mvua ikinyesha inaondoka na udongo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ambao wazee wengi wanaukumbuka. Wakajenga makinga maji, wakapanda miti, lakini mifugo ilikuwa bado inakanyaga palepale. Mwaka 1979 likachukuliwa hatua kali: mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda. Baada ya miaka michache nyasi zilirudi, vichaka vikafunika makorongo, na miaka kumi hivi baadaye watu wakaanza kuruhusiwa kufuga tena, ila kwa kulisha ng'ombe bandani. Ardhi ilifungwa, ikapona. Lakini aliyekuwa na ng'ombe arobaini mwaka 1979 alilazimika kuwahamisha au kuwauza. Shika hilo, tutalirudia.

Baharini wanafanya kitu cha namna hiyohiyo. Kama umewahi kwenda kuogelea kisiwa cha Mbudya, pale Dar es Salaam, ulikuwa ndani ya eneo tengefu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa mwaka 1975. Uvuvi wa baruti uliendelea kuvunja matumbawe kwenye pwani yetu, na tumbawe likivunjwa samaki hana nyumba. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na mwaka 1995 kikazaliwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna vijiji na watu wanaishi humo. Kwa hiyo imegawanywa: kuna sehemu za kiini ambazo hakuna kuvua kabisa, na sehemu nyingine ambazo mwenyeji anavua kwa zana zinazoruhusiwa. Ile sehemu ya kiini ndiyo kile kiota. Samaki wakubwa wanazaa pale bila kusumbuliwa, na watoto wao wanatoka wenyewe kwenda kule wavuvi waliko.

Kuna pia njia ya wenyeji ya muda mfupi. Sehemu kadhaa, kwa mfano Kisiwa Panza kule Pemba, wanakijiji wanakubaliana kuupumzisha mwamba wa pweza kwa miezi michache. Pweza anakua haraka mno, kwa hiyo siku ya kufungua mtu anatoka na pweza mnene badala ya vile vidogo vya kushika mkononi. Na unajua wanaiitaje kazi hiyo? Kufunga mwamba. Nilipolisema hilo vijana walicheka, kisha wakanyamaza, maana ndilo neno letu la Kwaresima.

Kijana mmoja akauliza, je, na kule ambako hakuna kijiji? Bahari isiyo ya mtu, nani anaifunga? Swali zuri. Jibu linaanzia hapahapa pwani yetu. Kila mwaka kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba au Novemba nyangumi wenye nundu wanapita Mtwara, Mafia na Zanzibar. Wanatoka bahari baridi ya Antaktika, huku chini kabisa ya dunia, wanakuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto. Chakula chao kikubwa kiko kule kule: vijidudu wa baharini mfano wa uduvi, wanakula tani kwa tani. Wakiwa huku kwetu karibu hawali kitu. Mama anazaa, ananyonyesha, anaishi kwa mafuta ya mwili wake mpaka arudi kusini. Jamani, hata nyangumi anafunga, tena kwa miezi.

Kwa hiyo nyangumi anayezaliwa mbele ya Mafia anategemea bahari ambayo Mtanzania haoni. Karne iliyopita meli za kuwinda nyangumi zilikaribia kuwamaliza. Uwindaji wa kibiashara ulisimamishwa kuanzia 1986, na mwaka 1994, mwaka uleule wa sheria yetu, bahari yote inayoizunguka Antaktika ikatangazwa mahali salama pa nyangumi. Lakini chakula chao na samaki wa kule bado vinavuliwa. Wenye mamlaka ni tume ya kimataifa inayokutana Hobart, Australia, na Oktoba 2016 wanachama wake, nchi 24 pamoja na Umoja wa Ulaya, walikubaliana kulinda Bahari ya Ross. Ni kilomita za mraba milioni 1.55, zaidi ya mara moja na nusu ya Tanzania nzima, na sehemu kubwa yake ni marufuku kuvua. Makubaliano yalianza kazi Desemba 2017, kwa miaka 35. Shida ni kwamba tume ile haipigi kura ya wengi wape. Ni mpaka wote wakubali. Mmoja akigoma, basi. Mapendekezo ya kulinda Antaktika Mashariki na Bahari ya Weddell yamerudishwa mezani mwaka baada ya mwaka bila kupita. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 174, aliligusa jambo hili: mikataba ya bahari ipo, lakini imegawanyika vipande vipande na usimamizi wake ni dhaifu. Mimi naona ni rahisi kuwalaumu wakubwa wa Hobart. Lakini hebu jaribu kuipata sauti moja kwenye kikao cha harusi cha watu kumi na mbili!

Hapo nilidhani nimemaliza. Akainua mkono dada mmoja anayesoma chuo hapa Dodoma, mwenyeji wa kijiji cha wavuvi kule Mtwara. Akasema, "Kaka, somo zuri. Ila baba yangu ni mvuvi. Wakifunga mwamba, ada yangu inatoka wapi?"

Ukumbi kimya. Nikajaribu kujibu kwamba baadaye samaki wanaongezeka. Akanikata kwa upole: "Najua wanaongezeka. Lakini chuo hakinisubiri mpaka waongezeke. Halafu siku ya kufungua wanakuja watu wa mbali na boti za mashine, wanazoa. Aliyefunga ni mwingine, anayefuturu ni mwingine."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilichofanya ni kumwomba msomaji wetu atufungulie Isaya 58. Pale watu wanalalamika kwa Mungu, tumefunga mbona huoni? Na Mungu anawajibu kuwa siku ya kufunga kwao wanatafuta faida yao na kuwakandamiza wafanyakazi wao. Mfungo anaoutaka yeye unafungua vifungo vya walioonewa na kugawa mkate na mwenye njaa. Tukaisoma mara mbili. Safari hii tuliisoma tukimfikiria yule baba wa Mtwara, na yule mwenye ng'ombe arobaini wa Kondoa.

Kwa hiyo nilibadilisha msimamo wangu kidogo, na sioni aibu kukuambia. Naamini bado kwamba bahari lazima ifungwe mahali fulani, iwe Mafia au Antaktika, la sivyo ile baraka ya siku ya tano tunaifuta. Ila hifadhi ambayo maskini peke yake ndiye anayefunga, huku mwenye boti kubwa anasubiri nje ya mpaka na sisi wa bara tunasubiri sahani, hiyo Isaya angeikataa. Wa kwanza kula siku ya kufungua awe yule aliyekaa na njaa. Na wakati wa kufunga, wanaofaidika wachangie: mapato ya watalii yafike kijijini, na mlaji naye apunguze.

Kwa upande wetu tumekubaliana jambo moja dogo. Ijumaa zilizobaki za Kwaresima hii, wanaoweza watakula ugali kwa mlenda au maharage, na ile pesa ya samaki itaingia kwenye bahasha. Bahasha itakwenda wapi bado tunabishana. Wengine wanataka iende kwenye ada ya yule dada, mwenyewe amekataa katakata, anasema hakuuliza swali ili achangiwe.

Jumamosi ijayo, baada ya Njia ya Msalaba, tunaendelea na Walawi 25, mwaka wa ardhi kupumzika. Njoo na Biblia. Dada ameahidi kumpigia baba yake simu na kuweka sauti kubwa, ili safari hii tumsikie mzee mwenyewe.