Hesabu ya Maji Kabla ya Safari ya Miguu Jangwani

Katika somo hili tunakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi kuwaandaa watoto wa miaka 11 au 12 kwa matembezi ya mafunzo katika nchi kame. Tumechagua Jangwa la Chalbi, lililoko kaskazini mwa Kenya, baina ya Ziwa Turkana na Mlima Marsabit. Zamani sana sehemu hiyo ilikuwa ziwa. Leo ni uwanda mkavu wenye chumvi nyeupe, na penye chemchemi, kama vile Kalacha, Wagabra hunywesha ngamia wao.

Kosa la kawaida

Mara nyingi mwalimu huorodhesha ubaoni vitu vya safari: kofia, viatu, maji, chakula, dira. Wanafunzi hunakili, na kipindi huisha. Lakini akiwauliza, "Tuchukue maji kiasi gani?" hujibiwa, "Mengi." Jibu hilo halimfikishi mtu salama. Jangwani maji ndiyo yanayopanga urefu wa safari, wala si safari inayopanga maji. Hilo ndilo lengo la somo letu.

Hatua ya kwanza: Hesabu

Mwalimu aeleze kwamba mtu atembeaye katika joto kali akadiriwe lita 1 kwa kila saa. Kisha aeleze kanuni ya mafungu matatu: fungu moja la kwendea, moja la kurudia, na moja la akiba, lisiloguswa ila kwa dharura. Watoto wapige hesabu wenyewe. Tuseme wapo 40, nao wanataka kwenda saa 2 na kurudi saa 2. Kila mmoja atahitaji lita 6. Darasa zima lita 240, yaani madebe 12 ya lita 20. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Je, mtoto ataweza kubeba kilo 6 juani?

Mwalimu asiharakishe kujibu, awaache wajadiliane. Wengine watasema wapunguze akiba. Hapo awaulize: ikiwa mwenzetu ataumia mguu na kuchelewa saa nzima, atakunywa nini? Polepole wataona kwamba kinachofaa kupunguzwa ni mwendo. Wakienda saa 1 tu na kurudi saa 1, kila mmoja atabeba lita 3.

Hatua ya pili: Ramani na saa

Kwenye mchanga mwendo hupungua. Tukikadiria kilometa 3 kwa saa, kikomo cha safari kitakuwa kilometa 3 kutoka shuleni. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000 hizo ni sentimita 6. Watoto wapime na kutia alama mahali pa kugeukia. Mahali hapo pasibadilishwe njiani, hata kama mbele paonekana maji, kwani huenda ni mazigazi.

Safari ianze saa 12 asubuhi, na wote wawe wamerudi kivulini kabla ya saa 4. Mavazi yawe mapana na mepesi, yenye kufunika mikono na miguu. Chakula chenye chumvi kidogo kichukuliwe pia, kwa sababu jasho hutoa maji na chumvi pamoja. Mvua ikitishia, safari iahirishwe: Chalbi hugeuka matope, na mkondo mkavu waweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali.

Hatua ya tatu: Watu

Mwalimu amwachie mkuu wa shule maandishi yenye njia, idadi ya watoto na saa ya kurudi. Watoto wagawanywe wawiliwawili, kila mmoja amwangalie mwenzake. Anayeumwa kichwa au kusikia kizunguzungu apumzishwe kivulini na kunyweshwa maji taratibu. Anayeweweseka au kuyumbayumba yumo hatarini: apozwe mara moja kwa kumwagiwa maji na kupepewa, na msaada uitwe. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Anayepotea akae mahali pamoja, asitangetange.

Mwalimu aliyekulia nyanda za mvua, akipelekwa kufundisha huko, asione haya kuuliza. Amwalike mzee mfugaji darasani. Tena asisahau kwamba baadhi ya wanafunzi wake wamekwisha kuchunga ngamia katika uwanda huo. Hao wawe walimu wenziwe.

Zoezi

1. Watoto 30 wanakwenda saa 1 na nusu, kisha wanarudi kwa muda huohuo. Wahitaji lita ngapi pamoja na akiba?
2. Shule ina madebe 5 tu ya lita 20. Je, watoto hao wapunguze akiba, idadi yao, au mwendo? Toa sababu.

Mwalimu ayafanye mazoezi haya kwanza peke yake. Akiona hesabu yake inadai maji asiyoweza kuyapata, safari isifanyike siku hiyo. Naye awaeleze watoto sababu, kwa maana kuahirisha nako ni sehemu ya somo.