Unga Utokao Katika Pamba

Mtu akiona pamba ikipakiwa katika Wilaya ya Tanganyika, hapa mkoani Katavi, hufikiri habari ya nguo tu. Lakini pamba ina kazi nyingine, nayo yafaa ijulikane na kila asomaye kemia.

Pamba iliyochambuliwa karibu yote ni selulosi. Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi, kama ulivyo wanga wa mahindi. Kilicho mbali ni namna glukosi zilivyoungana. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo, bali tumboni ni kubwa: ugali twaweza kuuyeyusha, pamba hatuwezi. Tena minyororo ya selulosi hushikana sana hata maji hayawezi kuitenga, ndiyo maana shati haliyeyuki likifuliwa.

Yapata mwaka 1918, huko Ujerumani, ilipatikana njia ya kuitenga. Selulosi hulowekwa katika kostiki soda mpaka ilegee, kisha hutiwa asidi ya monokloroasetiki. (Asidi hii ni sumu na huunguza ngozi, isijaribiwe katika maabara yetu.) Vipande vya asidi hupachikwa katika mnyororo, kwa kawaida 7 hivi kwa kila glukosi 10. Ndani ya maji vipande hivyo huwa na chaji hasi, husukumana, na maji hupata nafasi ya kuingia. Hivyo hupatikana unga mweupe usio na ladha, uitwao kaboksimethili selulosi, ambao huyeyuka hata katika maji baridi.

Gramu 10 za aina yake iliyo nzito zatosha kugeuza lita moja ya maji kuwa kama uji. Ila usimwage unga wote mara moja! Utapata madonge makavu ndani, kama ugali wa mpishi mvivu. Nyunyiza kidogo kidogo huku ukikoroga kwa nguvu.

Kazi moja ya unga huu yatuhusu sana, nayo ni uchimbaji wa visima virefu. Mashine ikitoboa mchanga, maji ya kuchimbia hupotelea pembeni na shimo huweza kuporomoka. Unga ukichanganywa na tope la bentonaiti hufanya utando mwembamba ukutani, maji hayavuji, na vipande vya mawe hupanda juu pamoja na tope. Kazi ikiisha, hapana budi kisima kisafishwe barabara, kwani utando ule ule huweza kuziba njia ya maji tunayoyatafuta.

Katika sabuni ya unga hushika nguo na kuzuia uchafu uliokwisha toka usirudi. Katika mitambo itengayo madini kwa povu hulishika jiwe laini la talki lisielee pamoja na madini. Humo pia katika dawa ya meno na aiskrimu. Tazama namba E466.

Je, hutoka pamba ipi? Mbegu ikichambuliwa hubaki na manyoya mafupi yasiyofaa kusokotwa. Penye mashine za kuyakata, hayo huuzwa kwa viwanda vya unga huu, ingawa viwanda vingi hutumia miti. Pasipo mashine hizo, mbegu hukamuliwa mafuta, na manyoya huishia katika mashudu ya ng'ombe, ambaye tumboni mwake mna vijidudu viwezavyo kuivunja selulosi.