Ujumbe Mmoja kwa Wengi

Kompyuta 100 zataka kupokea sauti ileile kutoka kompyuta moja iliyo mbali. Je, sauti hiyo ipelekwe mara 100? La! Njia itajaa na sauti itakatika.

Kompyuta hizo hujiunga na kundi lenye anwani moja. Mtumaji hupeleka ujumbe mara moja tu. Njiani mna vyombo viitwavyo ruta. Ruta hutoa nakala pale tu njia zinapogawanyika, tena kwa upande wenye wanakundi.

Machi 1992, mkutano wa San Diego, Marekani, ulisikika hivyo mahali 20, katika mabara 3.

Zoezi: Chora shina lenye matawi 4. Tawi 1 halina wanakundi. Ruta itatoa nakala ngapi?