Bandari ya Kochi Katika Mwezi wa Machi

Fungueni ramani ya Bahari ya Hindi. Wekeni kidole juu ya Malindi, katika pwani ya Kenya, kisha kisogezeni kwenda mashariki, mkipanda kaskazini kidogo, hata mguse pwani ya magharibi ya Bara Hindi karibu na ncha yake ya kusini. Hapo, nyuzi 10 kaskazini ya Ikweta, pana mji uitwao Kochi. Katika vitabu vya zamani jina lake huandikwa Cochin. Mwendo huo ni zaidi ya kilomita 4,000, na katikati hakuna nchi ila visiwa vidogo vilivyotawanyika. Leo tutauzuru mji huo, na tutauzuru mwezi wa Machi, kwa maana mwezi huo ulikuwa na uzito mkubwa kwa kila nahodha aliyesafiri kwa tanga katika bahari hii.

Watu wa Ulaya huuita Machi mwanzo wa majira ya kuchipua, wakati theluji iyeyukapo na miti iliyokuwa uchi huanza kutoa majani. Kochi hakuna theluji, wala miti haikuwa uchi. Minazi ni ileile ya mwaka mzima. Lakini mwenye macho huona dalili za majira yanayogeuka: maembe mabichi yananing'inia, mafenesi yanavimba juu ya mashina, na mikorosho imezaa. Mkorosho huo ni mgeni huko kama ulivyo mgeni kwetu, maana Wareno waliutoa Brazil wakaupanda pwani zote mbili. Jua la mchana ni kali, na watu hutazama mbele kwenye mvua kubwa ya kusi, ambayo desturi yake ni kuwasili katika nchi hiyo karibu na tarehe 1 Juni.

Upepo uvumao sasa ni kaskazi, nao umekwisha kupungua nguvu. Zamani za matanga, nahodha wa Malabar aliyetaka kwenda pwani ya Afrika ilimpasa awe amekwisha kung'oa nanga. Akikawia, upepo hugeuka, kusi huingia, na bahari yote humsukuma arudi alikotoka. Tena kusi ikishika nguvu bandari za pwani ile hufungwa, wala chombo hakithubutu kutoka.

Wako watu waliojifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alifika Malindi, akapewa rubani aliyezijua pepo. Waliondoka mwishoni mwa Aprili, kusi ilipoanza kuvuma, wakavuka bahari kwa siku 23 tu, wakafika karibu na Calicut, kaskazini ya Kochi. Lakini katika kurudi hakungoja. Aliondoka pwani ya Bara Hindi mapema mwezi wa Oktoba, kabla kaskazi haijakaa sawasawa. Bahari ileile waliyoivuka kwa majuma matatu sasa iliwachukua karibu miezi mitatu. Mabaharia walipatwa na kiseyeye, ufizi ukavimba juu ya meno, wengi wakafa wakatupwa baharini. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499 waliobaki walikuwa wachache mno, wasiweze kuziendesha merikebu zote. Muda si muda moja ikateketezwa kwa moto, iitwayo São Rafael. Hakuna adui aliyewapiga katika mwendo ule. Walipigwa na kalenda.

Sasa na tuingie bandarini. Mlango wa Kochi ni mwembamba, lakini ukiisha kuupita waona maji mapana yaliyotulia, yenye visiwa pande zote, na ng'ambo yake majumba marefu ya Ernakulam. Maji hayo ni sehemu ya ziwa refu la pwani, liitwalo Vembanad, ambamo mito huingia kabla ya kufika baharini. Wavuka kwa mashua. Tangu mwezi wa Aprili 1523? La, si zamani hizo. Ni tangu Aprili 2023, ziko mashua ziendazo kwa umeme, bila moshi wala kelele, zikichukua wafanya kazi na watoto wa shule kutoka kisiwa hata kisiwa.

Mlango huu haukuwako siku zote. Katika siku za Warumi bandari kuu ya pwani hiyo ilikuwa Muziris, kaskazini ya hapa, na merikebu zilikuja huko kununua pilipili kwa dhahabu; sarafu za Kirumi zimechimbuliwa katika ardhi ya nchi ile. Kisha, mwaka 1341, mto Periyar ulifurika kupita kiasi. Wanahistoria wengi husema kwamba gharika ile iliijaza mchanga bandari ya zamani, na hapohapo ikaupanua mlango wa Kochi. Wafanya biashara walihama kuyafuata maji. Mji mmoja ulipoteza riziki yake, mwingine ukapewa, wala hakuna mtu aliyeulizwa shauri.

Mto huo haujafa. Mwezi wa Agosti 2018 ulifurika tena, ukaingia katika uwanja wa ndege wa Kochi, ukaufunga kwa muda wa majuma mawili. Katika jimbo zima la Kerala watu zaidi ya 400 walikufa katika mafuriko ya mwaka ule.

Hata mlango uliofunguliwa na mto haukuzitosha meli kubwa za moshi. Mbele yake lilikuwako fungu la mchanga mgumu. Meli zilitia nanga nje, na mizigo ikapakuliwa katika matishari, yakiyumba juu ya mawimbi. Mwaka 1920 alifika mhandisi Mwingereza, Robert Bristow, akalipima fungu lile na kuzichunguza nguvu za mawimbi na mikondo, kisha akalikata kwa chombo cha kuchimbua. Mwezi wa Mei 1928 meli ya kwanza, Padma, ilipita katika njia mpya ikaingia ndani. Tope lililochimbuliwa halikupotea bure. Lilimwagwa mahali pamoja hata likawa kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba tatu hivi, kiitwacho Willingdon, na juu yake zikajengwa gati, maghala na stesheni ya gari la moshi. Lakini msidhani kwamba kazi ilikwisha siku ile. Mito huleta tope kila mwaka, na kila mwaka huchimbuliwa tena; wakiacha, mlango utaanza kujifunga.

Twende sasa Mattancherry, mtaa wa maghala ya zamani. Kabla ya kuona kitu, pua itakupasha habari: tangawizi, iliki, mdalasini, na zaidi ya vyote pilipili manga. Sisi twaiita hivyo kwa sababu Manga ni jina la zamani la nchi ya Waarabu, na vyombo vya Waarabu ndivyo vilivyotuletea. Lakini kwao hasa ni vilima vya Malabar, nyuma ya mji huu. Mpilipili ni mmea utambaao, hupanda juu ya miti mingine kama shada la majani. Huvunwa miezi hii ya ukame, tunda likiwa bado bichi, kisha huanikwa juani juu ya mikeka hata ligeuke jeusi na kukunjamana. Kwa ajili ya punje hizo ndogo Wareno walizunguka Afrika nzima, wakajenga ngome hapa mwaka 1503. Waholanzi wakawanyang'anya mwaka 1663. Waingereza nao wakawanyang'anya Waholanzi mwaka 1795. Bara Hindi ilipata uhuru wake mwaka 1947.

Kila mmoja aliacha kitu. Lipo jumba la mfalme wa Kochi liitwalo Jumba la Waholanzi, ingawa waliolijenga ni Wareno. Waholanzi walilitengeneza tu, na sifa ikawa yao. Lipo kanisa la Mtakatifu Fransisko, alimozikwa Vasco da Gama aliyekufa Kochi mwezi wa Desemba 1524. Baadaye mifupa yake ilichukuliwa kwao Ureno, na jiwe la kaburi lingaliko.

Nyuma ya jumba la mfalme iko sinagogi ya Wayahudi, iliyojengwa mwaka 1568. Wareno waliwatesa Wayahudi, lakini mfalme wa Kochi, aliyekuwa Mhindu, aliwapa kiwanja kando ya hekalu lake mwenyewe. Sakafu yake ni ya vigae vyeupe vyenye picha za buluu, vilivyoletwa kutoka China. Ingieni miguu mitupu, maana ndiyo desturi. Wenyewe karibu wote wamekwenda. Baada ya taifa la Israeli kuundwa mwaka 1948 walihama jamaa kwa jamaa, na leo wageni waingiao kutazama ni wengi kuliko waabuduo. Mimi sioni jambo lingine Kochi litiayo simanzi kama sakafu ile nzuri isiyo na wenyewe.

Jioni twende ufukoni, tutazame nyavu za Kichina. Hatuna hakika ni nani aliyezileta: wengine husema ni Wachina wa kale waliofanya biashara hapa, wengine ni Wareno waliotoka Macau. Boriti nne ndefu zimekunjwa kama vidole vya mkono, na wavu umefungwa katika ncha zake. Vidole hivyo vimeshikwa na mti mkubwa uliolala juu ya egemeo kama mzani, na upande wa nchi kavu mawe mazito yananing'inia kwa kamba, jiwe moja juu ya jingine. Mtu mmoja hutembea juu ya mti ule kwenda upande wa maji, na uzito wake tu hutosha kuuzamisha wavu. Hungoja dakika chache. Kisha wenzake, wanne au watano, huvuta kamba kwa pamoja. Mawe hushuka, wavu huinuka ukitiririka maji. Hakuna injini. Ni mzani tu, uliopimwa vema hata watu wachache huinua mzigo ambao wasingeuweza kwa mikono yao.

Zamani nyavu hizi zilikuwa nyingi kuliko sasa. Miti ya msaji imekuwa ghali, na wengine wametia mabomba ya chuma mahali pake, lakini chuma huliwa na chumvi. Samaki nao wamepungua. Mara nyingi wavu huinuka na vipande vya plastiki, au na gugu maji, lilelile liwasumbualo wavuvi wa Ziwa Victoria, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini. Gugu hilo haliwezi maji ya chumvi. Kwa hiyo miezi hii ya ukame, mito ikiwa na maji machache na bahari ikipanda ndani ya ziwa, wavuvi hupata nafuu kidogo. Samaki waliopatikana huuzwa papo hapo kwa mnada, wakirukaruka bado, na mnunuzi aweza kuwapeleka kwenye vibanda vilivyo karibu akapikiwa. Wavuvi hugawana fedha, na kama maji kujaa hayajakoma, mtu yule hupanda tena juu ya mti.