Dondoo muhimu: Kwa baiskeli kando ya mfereji wa C&O

Kutoka Georgetown, jijini Washington, hadi Cumberland, Maryland, ni kama kilomita 297 za changarawe na udongo ambako magari hayaruhusiwi. Hapo ndipo nyumbu walipopita wakivuta mashua, hadi mfereji ulipoacha kazi mwaka 1924. Upande mmoja mfereji, upande wa pili mto Potomac.

Tairi. Zile nyembamba za lami ziache nyumbani. Chukua za milimita 40 au zaidi, na usizijaze upepo hadi ziwe ngumu kama jiwe. Mvua ikinyesha, tope hujaa kwenye breki na madigadi mpaka gurudumu ligome kuzunguka, na mizizi iliyolowa huteleza vibaya. Ukiweza, ahirisha safari siku mbili njia ikauke. Mimi naiweka dondoo hii mbele ya zote.

Maji. Kambi nyingi za njiani zina pampu za mkono, lakini hufungwa majira ya baridi. Ukikuta inayotoa maji, jaza chupa zote.

Handaki la Paw Paw. Mita 950 za giza totoro na njia finyu. Shuka, washa tochi, sukuma baiskeli.

Adabu. Kengele ni sharti la hifadhi ya mfereji huu, si pambo. Igonge kabla ya kumpita mtu, upite kushoto kwake, na mwendo usizidi kilomita 24 kwa saa.

Kabla ya kuondoka, soma matangazo ya hifadhi: mafuriko na matengenezo hufunga vipande vya njia mara kwa mara.